Nani Kasema Zeruzeru Hafi?

Nianze na swali. Wewe uliyekulia Temeke, Kinondoni, Mbagala, Tegeta au popote pale Bongo, umewahi kuhudhuria mazishi ya zeruzeru? Fikiri kabla ya kujibu. Sasa kumbuka uliambiwa nini ukiwa mdogo. Mimi niliambiwa kwamba zeruzeru hafi, anapotea. Siku yake ikifika anaondoka tu, hakuna kaburi, hakuna matanga. Niliambiwa hivyo na watu wazima wenye akili zao timamu, mmoja wao mwalimu, na nikaamini kwa sababu kweli sikuwa nimewahi kuuona msiba wa namna hiyo.

Kabla sijaendelea, nizungumzie hilo jina. Zeruzeru ndilo neno tulilokua nalo mtaani, lakini wenyewe wengi hawalipendi. Wanataka waitwe watu wenye ualbino, yaani watu kwanza, ualbino baadaye. Wana haki yao. Kwa hiyo neno la zamani nitalitumia pale tu ninapozungumzia imani ya zamani.

Nilikulia Tandika, wilaya ya Temeke. Ukuta wa nyumba yetu ulipakana na wa jirani aliyekuwa na watoto wawili wenye ualbino. Mdogo nilianza naye darasa la kwanza mwaka 2003. Mkubwa alikuwa dada yake, sisi tukimwita Dada tu. Asubuhi Dada alikaanga vitumbua barazani, mchana akahamia kando ya barabara kuuza mihogo. Kwenye jua. Kofia hana, mwavuli hana, kanga mabegani tu, na kanga yenyewe ikidondoka kila anapoinama kugeuza mihogo. Shingoni alikuwa na kidonda. Kilianza kama kipele, kikawa gamba, kikawa kidonda kisichokauka. Watu wakasema ni kidonda ndugu. Wengine wakasema mengine ambayo sitayaandika hapa.

Mwaka 2008 Dada akaacha kuonekana. Tukaambiwa kaenda kijijini. Baadaye watoto wa mtaani wakaanza kusema kapotea, si unajua wao hawafi. Nami nikasema hivyo hivyo, tena mbele ya mdogo wake. Hakunijibu kitu.

Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo rafiki yangu akaniambia ukweli. Dada hakwenda popote. Alikuwa chumba cha uani, hatua ishirini kutoka pale tulipokuwa tunacheza mpira. Kidonda kilikuwa kimeingia shingoni ndani, kinatoa harufu, na mama yao hakutaka watu waone. Alipofariki, ndugu walikodi gari usiku wakampeleka Mkuranga, akazikwa asubuhi na watu wachache. Kwa nini kimya kimya? Kwa sababu ulikuwa mwaka 2008, magazeti na redio vimejaa habari za mapanga, na familia iliogopa kaburi lisije likafukuliwa. Hakuwa amefikisha miaka thelathini.

Basi ndugu zangu, hivyo ndivyo mtu anavyopotea.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: hivi nchi hii haikujua? Hapakuwa na mtu hata mmoja jijini Dar es Salaam aliyejua kwamba kipele kile ni kansa ya ngozi, na kwamba daktari angekiwahi kingeondolewa mapema? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta kimenikera, kwa sababu jibu ni kwamba ilijulikana. Ilijulikana hapa hapa mjini, kabla mimi sijazaliwa, kabla hata Dada hajaanza shule.

Turudi nyuma kidogo. Wote mnalijua jengo la Ocean Road, lile jeupe la zamani linalotazama bahari, kwenye barabara ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama Drive. Wajerumani walilifungua mwaka 1897. Robert Koch, yule daktari aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja Dar es Salaam mwaka huo huo akichunguza malaria. Lakini hospitali ile haikujengwa kwa ajili ya bibi na babu zetu. Ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao nyingine, iliyojengwa kwa fedha za tajiri mmoja wa Kihindi, Sewa Haji Paroo. Waingereza walipochukua nchi wakaendeleza mpango ule ule: Mzungu kando ya upepo wa bahari, wengine huko.

Sasa angalia jambo moja. Wakoloni wale waliliogopa jua la kwetu kuliko simba. Walivaa kofia ngumu zile unazoziona kwenye picha za zamani, walijenga veranda pana, walikwepa kutembea saa sita mchana. Waliamini jua la tropiki linadhuru hata ubongo. Katika hilo la ubongo walizidisha, lakini kwamba ngozi isiyo na rangi haiwezi jua la hapa, hilo walikuwa sahihi. Na wakati wote huo, nje ya ukuta wa hospitali yao, walikuwapo Waswahili waliozaliwa na ngozi isiyo na rangi kuliko hata hiyo ya Mzungu, wanalima, wanavua, wanauza sokoni, kichwa wazi. Hakuna aliyewapa kofia.

Nieleze kidogo sayansi yake, si ndefu. Rangi ya ngozi yetu inatokana na kitu kinachoitwa melanini. Kazi yake kubwa ni kuikinga ngozi na miale ya jua. Mtu mwenye ualbino amerithi vinasaba ambavyo haviwezi kutengeneza melanini ya kutosha, kimoja kutoka kwa baba na kingine kwa mama, ambao wao wenyewe wanaweza kuwa weusi tii. Ndiyo maana wazee walishangaa na kuanza kumshuku mama wa watu. Kwa Tanzania inakadiriwa ni mtu 1 kati ya watu 1,400 hivi, wakati Ulaya na Marekani ni kama 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Ukikaa Dar es Salaam, karibu na ikweta, jua halina likizo. Kila siku linaongeza kidogo kwenye hasara ya jana. Ngozi inaungua, inakakamaa, inaota magamba, na siku moja gamba moja linageuka kansa. Tena kansa yenyewe mara nyingi ni ya aina inayokwenda polepole. Inatoa nafasi. Inasubiri mtu aitazame.

Baada ya Uhuru jengo lile la Wazungu likawa letu sote, chini ya Muhimbili. Miaka ya 1980 likawa makao ya tiba ya saratani, na mwaka 1996 Bunge likalifanya rasmi kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Lakini nataka usimame hapo kwenye miaka ya 1980. Daktari Mtanzania, Jeff Luande, pamoja na wenzake, waliendesha hapo Ocean Road kliniki maalumu ya ngozi kwa watu wenye ualbino wa mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 1985 wakachapisha matokeo yao kwenye jarida la kimataifa liitwalo Cancer. Walikuwa wamewafuatilia watu 350. Waliyoyaona ni ya kusikitisha: ngozi inaanza kuharibika utotoni, na vijana wa miaka ishirini na kitu tayari wana saratani iliyokomaa. Ushauri wao haukuwa wa ajabu wala wa gharama. Mfunikeni mtoto tangu mdogo, mtafutieni kazi ya kivulini, na ngozi yake itazamwe mara kwa mara ili kinachoota kitibiwe kingali kidogo.

Mwaka 1985! Dada hakuwa amemaliza hata kunyonya.

Wenyewe hawakuwa wamelala pia. Chama chao kilianzishwa mwaka 1978 na kusajiliwa mwaka 1980. Huko Moshi nako, kwenye hospitali ya KCMC, mwaka 1992 kilifunguliwa chuo cha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya ukanda huu wa Afrika. Walioanzisha walikuwa na akili ya kizalendo kabisa, ingawa baadhi yao walikuwa wageni: walijua madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wote wako mjini, kwa hiyo wakaanza kuwafundisha maofisa tabibu, watu ambao wangerudi wilayani kwao. Profesa Barbara Leppard na wenzake wakawa wanatoka na gari kwenda vijijini, wanawakagua watu wenye ualbino huko huko waliko. Mwaka 1995 wakaandika kuhusu watu 164 waliowaandikisha kwenye mpango huo wa kaskazini. Baadaye, miaka ya mwanzo ya 2010, hapo hapo Moshi wakaanza kutengeneza mafuta ya kukinga jua, Kilisun, ya kwetu, kwa sababu yale ya dukani bei yake mtu wa kawaida haigusi.

Kwa hiyo dawa ipo, elimu ipo, wataalamu hata kama ni wachache wapo. Tatizo lilikuwa nini?

Hapa inabidi nijiseme mimi na wenzangu wa kalamu. Kuanzia mwaka 2007 yalipoanza kuripotiwa mauaji ya watu wenye ualbino kule Kanda ya Ziwa, dunia nzima iligeuza kichwa. Na ilistahili. Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC hapa, alijifanya mteja akaenda kwa waganga, akaanika biashara yao mwaka 2008, na akalazimika kujificha kwa vitisho. Yule ndiye mwandishi niliyetaka kuwa nikiwa shuleni. Mwaka huo huo Rais Kikwete alimteua Al-Shymaa Kway-Geer kuwa mbunge, na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany kwa kura zao. Mambo makubwa hayo, nayaheshimu. Lakini tazama tulichofanya sisi. Tuliandika panga, panga, panga. Jua hatukuliandika. Madaktari na wenyewe wenye ualbino wamesema kwa miaka na miaka kwamba saratani ya ngozi inawaua wengi kuliko panga, ila panga lina mtuhumiwa, lina damu, lina picha ya ukurasa wa mbele. Jua utalipeleka mahakama gani? Gamba nyuma ya sikio utalipa kichwa gani cha habari? Hata siku ya kimataifa ya ualbino, Juni 13, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2015, tunaandika hotuba ya mgeni rasmi, tunapiga picha, tunarudi ofisini.

Dada alikufa mwaka ule wa panga, na hakuuawa na panga. Kwenye hesabu zetu za waandishi hayumo popote.

Sasa nije kwa mdogo wake, rafiki yangu. Shuleni alikaa dawati la mbele kabisa na bado ubao hauoni, kwa sababu ualbino unagusa na macho. Mchakamchaka alikimbia nasi, mstarini alisimama nasi saa nzima juani, na kofia ilikuwa marufuku kwa kuwa si sehemu ya sare. Mwalimu hakuwa mkatili, alikuwa anafuata kanuni. Alipomaliza kidato cha nne akaingia sokoni Tandika kuuza viatu vya mitumba. Mwaka 2019 akaota kipele nyuma ya sikio. Akaenda zahanati moja ya mtaani, akapewa mafuta ya fangasi. Akarudi, akapewa mengine. Miezi saba. Siku aliyonionyesha, nikamwona Dada.

Safari hii hatukusubiri. Tulikwenda kumwona daktari wa ngozi, na mimi kwa umbea wangu wa kiuandishi nikaomba kuingia naye ndani. Nilitegemea mashine. Hakuna mashine. Daktari alimwambia avue shati, akamkalisha dirishani penye mwanga, akaanza kumtazama. Basi. Utosini akipanguapangua nywele, masikioni mbele na nyuma, midomo, shingo, mabega, mikono hadi migongo ya vidole. Kuna mahali alikuwa na kioo cha kukuza, lakini mara nyingi alitumia vidole tu. Akanishika mkono akaniambia pitisha kidole hapa. Nikapitisha. Ngozi ya begani ilikuwa inakwaruza kama msasa, ingawa kwa macho sikuwa nimeona kitu. Akasema hii ndiyo hatua ya kabla, tukiiacha miaka kadhaa inaweza kuwa kile cha nyuma ya sikio. Hayo ya msasa akayagandisha kwa hewa baridi ya naitrojeni, sekunde chache kila moja, rafiki yangu akawa anakunja uso. Kile cha sikioni kikahitaji ganzi na kisu, na kipande kikapelekwa maabara. Ilikuwa kansa. Ilikuwa imetolewa yote.

Alipoteza kipande cha sikio, ukubwa wa punje ya mhindi. Dada yake alipoteza maisha. Tofauti kati ya hawa ndugu wawili si dawa mpya, maana kisu na ganzi vilikuwapo mwaka 2008, na kliniki ya Luande ilishawahi kufanya kazi hiyo hiyo hapa hapa jijini miaka ishirini na kitu nyuma. Tofauti ni kwamba mmoja alitazamwa na mwingine hakutazamwa.

Daktari alimwambia arudi kila baada ya miezi sita hata kama hana kidonda, hasa kama hana kidonda. Hilo ndilo gumu kulielewa kwetu. Sisi hospitali tunakwenda tukiumwa. Kwenda mzima kumwonyesha mtu mgongo wako unaonekana ni wendawazimu, tena kwa nauli yako na siku ya biashara imepotea. Na mwenye ualbino ana kikwazo kingine tunachokisahau: macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo kujikagua kwenye kioo peke yake haitoshi. Anamhitaji mtu mwingine. Siku za katikati mtu huyo anaweza kuwa mama, mke, rafiki. Mimi sasa ndiye mkaguzi wa mgongo wa jamaa yangu kila mwisho wa mwezi, na utani anaonitania siwezi kuuandika.

Najua wapo watakaosema haya ni ya wao, sisi weusi hayatuhusu. Ni kweli kwamba kwetu kansa ya ngozi ni nadra. Lakini nadra si hakuna, na ya kwetu hupenda kukaa mahali ambapo hakuna anayetazama: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye picha yake iko kwenye kila bajaji ya mji huu, aligunduliwa kansa ya ngozi kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Kidonda chenyewe kilidhaniwa ni cha mpira. Alikufa Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Doa jeusi jipya unyayoni au mstari mweusi unaopanuka chini ya kucha si jambo la kupakia rangi. Onyesha.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mwaka jana nilikwenda na rafiki yangu Mkuranga. Kaburi la Dada lipo, chini ya mwembe, lina jiwe lililochomekwa bila jina. Tulipalilia. Aliniambia anataka kuandika jina sasa, zama za kuogopa zipungue. Nikamuuliza ataandika na nini kingine. Akasema ataandika tarehe, ili mtu yeyote atakayepita ajue kwamba alizaliwa na kwamba alikufa.

Rafiki yangu ana miaka zaidi ya aliyofikisha dada yake. Ana mtoto mmoja, mweusi kama mimi. Kliniki yake nyingine ni mwezi ujao, na safari hii ameahidi kwenda na kijana wa miaka kumi na tatu anayeuza maji ya kandoro barabarani pale Mtoni, kichwa wazi. Amemnunulia kofia tayari. Na wewe kama mtaani kwenu yupo mtu wa namna hiyo, na lazima yupo, usimwonee huruma. Muulize tu: ngozi yako imetazamwa lini mara ya mwisho?